Arusi Ambayo Koko Hakuipigia Vugo

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi, na kila anayekuja kuniazima sindano ananiuliza, "Enhe, ikawaje?" Nikianza kusimulia, chungu kinafurika au mtoto analia, na mwulizaji anaondoka na nusu ya habari. Juzi nimesikia nusu hizo zimekutana huko bombani na kuzaa mambo ambayo hayakutokea kabisa. Basi nimekaa kitako, naandika mara moja, msomeane. Wasiojua herufi wasomewe na Mwalimu Saidi, ila asisomee puani kama anavyosoma barua za watu.

Kwa wasiojua, Koko alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Yeye alikuwa mtu wa Ngazija, visiwani Komoro, na kwao bibi huitwa koko, nasi wote tukamwita hivyo. Mamangu alifariki sijaanza kutambaa, Koko akanilea kwake Likoni. Huko ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, ile ngoma ya wanawake ya arusini, ya pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti. Kwa miaka zaidi ya arubaini hakutoka bibi arusi Likoni ila Koko alimpigia, mwenye mali na asiye nayo.

Isipokuwa mimi. Nilipoolewa na Baba Mwanaisha ili nije huku Kisumu, Koko alipika, alinipaka hina kwa mkono wake, alinifukiza udi. Kisha akazifungia pembe sandukuni, akakaa juu ya sanduku. Watu walingoja mpaka wakachoka kungoja. Hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Sisi watu wa pwani, bibi arusi asiyepigiwa na kwao ana kasoro, na majirani hawakukosa kasoro ya kunipa.

Sikurudi miaka kumi na saba. Barua niliandika, salamu zikaja, lakini miguu ilikataa. Halafu ikafika barua ya mjomba kwamba Koko amefariki na amekwisha kuzikwa, na arobaini yake itasomwa Likoni. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sikujua kipi kilizidi. Mwanangu Mwanaisha ameposwa, anaolewa Jinja mfungo mosi, mwezi wa Idi, nanyi mlikuwa mkiniuliza kila siku ngoma gani itapigwa. Nilitaka jambo moja tu kabla sijamwoza mtoto: kujua nilimkosea nini Koko.

KISUMU HADI NAIROBI

Nilifuatana na shemeji yangu Athumani, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa kuwa mume wangu hakupata ruhusa kazini. Mnamjua Athumani. Ni mtu mwema, lakini safari inamgeuza askari jela. Alifunga kamba kutoka kwenye furushi letu hadi kifundoni mwake, na kila alipotaka kusimama alikumbuka kamba baada ya kuanguka.

Gari la moshi lilijaa askari wanaorudi kutoka vitani. Waliimba toka Kisumu mpaka Nakuru, na shemeji akaguna toka Kisumu mpaka Nakuru, mpaka mmoja wao alipomkabidhi bati la biskuti ngumu. Alizimaliza zote, huku akisema si chakula cha binadamu. Mimi nilikuwa na samaki, ngege wa kukaanga, na chapati, nikawagawia waliokaa karibu.

Mahali fulani baada ya Nakuru tulisimama saa nne nzima porini, na hakuna aliyetuambia sababu. Askari aliyekuwa mkabala nami, kijana mwenye kovu shavuni, akaniuliza naenda wapi.

"Naenda arobaini ya bibi yangu."

"Bibi tu? Siku mbili za gari?"

"Alinilea."

Akasema yeye amekaa miaka mitatu ng'ambo, bibi yake alikufa, na barua ilimfikia ikiwa imelowa, akadhani imeandika kwamba bibi anamsalimu. Alifurahi kwa salamu hizo mwezi mzima. Nikampa chapati ya pili.

NAIROBI HADI CHANGAMWE

Usiku wa njia hiyo sina la kueleza ila vumbi jekundu na ubao wa kukalia ulionivunja mgongo. Kulipokucha tulikuwa Voi. Shemeji Athumani alishuka kutafuta chai, gari likapiga filimbi, naye akaja mbio na kikombe cha mwenye chai mkononi, mwenye chai akimfuata nyuma. Kikombe kilirushwa kupitia dirishani, kikadakwa salama, na behewa zima likampigia makofi. Shemeji hakusema na mtu mpaka kituo cha Samburu.

Hapo Voi alipanda mama mmoja wa makamo, na kapu la mayai na kuku wawili. Alisema anaitwa Mama Kadzo, ni Mrabai, na ametoka kumwona mwanawe anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alinimenyea chungwa bila kuniuliza. Tukaongea. Nilipotaja Likoni akaniuliza kama naijua nyumba ya Bi Mngazija, yule wa pembe.

Chungwa nikaliweka mapajani. Nikamwambia ninaijua.

"Mama yule," alisema, "alinipigia mimi. Mimi nimeolewa kanisani Rabai, sawa, halafu tukaja kwa mume wangu pale Changamwe, na hapo hatukuwa na ndugu hata mmoja. Nimekaa chumbani kama mgonjwa. Yeye alikuwa amekuja kumtazama mwanawe jirani. Akauliza, huyu bibi arusi mbona kimya? Jioni yake akaja na wanawake wanane na pembe zao. Nikamwambia, mama, mimi ni Mkristo. Akanijibu, pembe haziulizi."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi pia nilicheka, kwa adabu. Lakini wenzangu, sitawaficha: nilimwonea wivu mama wa watu, mkarimu, aliyekuwa ananilisha chungwa lake. Mgeni wa dini nyingine, ambaye Koko hakumjua hata jina, alipigiwa. Nami niliyelala mgongoni mwake nikiwa na surua, nilitoka nyumbani kimya kama mwizi. Niligeukia dirishani nikatazama minazi inaanza.

CHANGAMWE

Mjomba Salim, mwana wa Koko, alikuwa anatungoja kituoni katika nguo zake za kazi, mafuta mpaka viwikoni. Yeye ni fundi wa vyuma hapo reli. Anakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na kibaraza, na amekifanya chumba hicho kuwa safi kuliko nyumba za matajiri ninaowashonea.

Mchele umeadimika huko kama huku. Tulikula sima ya yale mahindi ya manjano kwa mchuzi wa papa wa nazi, na Shemeji Athumani, asiyekula papa kwa sababu ya harufu, aliramba bakuli. Baada ya chakula mjomba akaanza kunieleza mambo ya mama yake kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Alikuja na miaka kumi na mitano," alisema. "Ameolewa na baba, mtu asiyemjua, nti asiyoijua. Na wanawake wa Likoni, Mungu awasamehe, walikuwa wakimteka."

Watu wa Mvita wa zamani husema kuteka kwa kucheka, na nti kwa nchi, na mjomba anasema hivyo hivyo mpaka leo.

"Kwa nini wakimcheka?"

"Kwa Kiswahili chake. Akifungua mdomo, wapasuka. Basi akaacha kusema. Mwaka mzima. Halafu kukawa na arusi mtaa wa pili, akashika pembe, akaimba. Mtu akiimba, hapana amsikiaye lafudhi. Toka siku hiyo walimfuata yeye."

Hilo sikulijua. Koko niliyemjua mimi alikuwa akitoa amri kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kivuko. Alizaa sita, akazika watatu, akafiwa na mume, akawalea waliobaki kwa kuuza mahamri alfajiri na kupiga vugo jioni, na unga wa mahamri haukumtoka kuchani hata siku ya Idi. Sikuwahi kumwaza akiwa msichana anayeogopa kufungua mdomo.

Nikamwuliza mjomba lile nililolijia. Akatazama mikono yake.

"Wallahi sijui, mwanangu. Nami nilimuuliza. Alinambia, mwanamume haulizi mambo ya pembe. Nafikiri alimkasirikia mumeo kwa kukupeleka mbali. Lakini nafikiri tu."

Shemeji Athumani akakohoa, kwa kuwa mume anayetajwa ni ndugu yake. Tukaliacha hapo.

Ilibaki kazi moja. Kisauni anaishi Bi Mariamu, aliyetoka Ngazija chombo kimoja na Koko, wote wasichana. Ndiye pekee aliyesalia. Mjomba alikwenda kumchukua kwa ajili ya arobaini, akafukuzwa. Bi Mariamu alitaka afuatwe na mwanamke wa damu ya Echati, na binti wa Koko hakuweza kuiacha nyumba ya msiba. Echati ndilo jina la Koko, nami nililisikia likitajwa kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

KISAUNI, NA KURUDI KWA MKOKOTENI

Tulipanda basi hadi kisiwani, tukashuka, tukatembea. Jua lilikuwa kali, na Shemeji Athumani alikuwa na viatu vipya alivyovinunua makusudi kwa safari. Tulipovuka lile daraja la kuelea la Nyali alikuwa amevivua na kuvitundika shingoni.

Bi Mariamu tulimkuta ameketi kizingitini, mdogo, mwepesi, macho yana ukungu. Nilimpa shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika uso, akaupapasa toka kipajini mpaka kidevuni.

"Zaitun."

"Abee."

"Umekuja na njaa?"

"La, bibi."

"Wasema uongo. Ingia, kuna muhogo."

Tulikula muhogo wa nazi, wa baridi, mtamu sana. Nikaanza kumwuliza. Akanyanyua kidole.

"Maneno ya Echati yasemwa nyumbani kwa Echati. Si hapa. Nichukue."

Kumchukua ndiyo ikawa kazi. Miguu yake haina nguvu, na gari hapana. Jirani mmoja akatupa mkokoteni wake, tukatandika mkeka na mto, Bi Mariamu akalala chali, akajifunika leso nyeupe usoni kwa ajili ya jua. Shemeji alisukuma. Mimi nilitembea kando, na buibui langu, nikiwa nimeinamisha kichwa kwa uchovu.

Sasa fikirini wenyewe mngeona nini kama mngekuwa kando ya njia. Wanaume waliokuwa wanacheza bao kibarazani wakasimama. Mmoja akasema innalillahi. Wakavaa kofia, wakaja nyuma yetu, kimya, kwa heshima, kama anavyosindikizwa maiti wa Kiislamu. Njiani wakaongezeka wengine, na mmoja akampokea shemeji mkokoteni ili naye apate thawabu. Shemeji, badala ya kueleza, alishukuru kwa kupumzishwa. Mimi nilidhani ni wema wa watu wa Kisauni. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na daraja, watu si chini ya kumi na watano nyuma yetu.

Ndipo Bi Mariamu akaondoa leso usoni, akaketi, akasema, "Mbona viatu vingi hivyo? Nyote mwaenda Likoni?"

Aliyekuwa akisukuma aliuachia mkokoteni akaruka shimoni. Wengine walisoma dua zote wanazozijua. Alipotambua walivyodhani, Bi Mariamu alicheka mpaka nikaogopa kwamba atawathibitishia. Kisha akawaambia waliokwisha kuanza thawabu wasiikatize njiani, wamvushe daraja. Na walimvusha, wote, huku wanacheka.

LIKONI

Kivuko kilitungojesha mpaka alasiri, maana lori la nazi lilikuwa limekwama mlangoni mwake na kila mtu alikuwa na shauri la kulitoa. Nilikaa juu ya ukingo nikiitazama ng'ambo. Nilikuwa nimejipangia njia nzima jinsi nitakavyoingia: nitasimama mlangoni, Mama Mdogo Fatuma, binti wa Koko, atanikumbatia, tutalia, nitatandikiwa mkeka wa ndani na kuletewa kahawa kama anavyopokewa mtu aliyetoka mbali.

Nyumba nilikuta imejaa wanawake. Wageni kutoka Mtongwe na Ng'ombeni walikuwa wameketi kwenye mikeka mizuri, wana kahawa na kaimati. Bi Mariamu alibebwa akawekwa katikati yao. Mama Mdogo Fatuma alinitazama toka juu mpaka chini, akanibusu mkono haraka, akaniwekea mbuzi mbele yangu. Si mbuzi wa kuchinja, enyi watu wa bara, ni kile kibao chenye chuma cha kukunia nazi.

"Nazi ziko uani," alisema. "Thelathini. Fanya haraka, wali wangoja tui."

Hakunipa hata maji.

Nilivua buibui nikaenda uani. Nilikuna nazi kwa hasira hata nikajikuna kidole. Machozi yalinidondoka ndani ya chicha, na namwomba radhi kila aliyekula wali ule. Niliyesafiri siku tatu ndiye niliyepelekwa jikoni, na jirani wa Mtongwe ndiye aliyepewa mto wa kuegemea. Nikajiambia: basi, jibu ndilo hilo. Nyumba hii ilinikataa siku ile na bado inanikataa. Nikakusudia kusubiri hitima ya arobaini iishe nirudi Kisumu, nisitie mguu tena.

Kesho yake hitima ilisomwa vizuri. Wanaume walisoma nje chini ya turubai, sisi ndani. Sauti ya mjomba Salim ilikatika alipofika kwenye dua ya mama yake, na mwenzake akamalizia. Niliosha vyombo. Hakuna aliyeniambia acha.

BAADA YA AROBAINI

Siku ya pili baada ya hitima, alasiri, wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Walibaki wanawake wa vugo, saba, wote wazee, na Mama Mdogo Fatuma, na Bi Mariamu. Nilikuwa nafunga furushi. Bi Mariamu akaniita niketi mbele yake.

"Wenda?"

"Naam, bibi. Nimemaliza kazi mliyonipa." Nilisema hivyo kwa ukali, sitajisafisha.

"Umekasirika kwa sababu ya jikoni."

Nikakitazama kidole nilichojikuna kwa mbuzi.

"Sikiza, mwanangu," alisema. "Kijijini kwetu, sisi tukitoka kwenda kuolewa mbali, wanawake wote washuka pwani na ngoma. Wapiga mpaka chombo hakionekani. Ngoma ile maana yake ni moja: tumekutoa. Huyu si wetu tena, ni wa watu. Tulipigiwa siku moja, mimi na Echati. Tulifurahi, watoto sisi. Twaona fahari."

Akapumzika. Mama Mdogo Fatuma akampa maji.

"Baada ya miaka ishirini Echati akarudi kwao kumwona mamake. Alikuwa na mama yako mgongoni. Akaingia nyumbani mbio, ataka jikoni, ataka kukaa majivuni na ndugu zake. Wakamzuia. Wakamtandikia mkeka mpya. Wakamletea chakula kwa sinia, kifuniko juu, wakasimama kando kumngoja ale. Mamake mzazi akamwuliza, mgeni, safari ilikuwa njema? Mwezi mzima hakuguswa na moshi wa jiko la mamake. Alipigiwa, basi ni mgeni. Aliniambia, Mariamu, nimekula sinia thelathini, na kila moja nimeililia."

Nilimtazama Mama Mdogo Fatuma, naye alikuwa anatazama chini.

"Wasichana wa Likoni aliwapigia, kwa sababu wao waenda nyumba ya tatu, nyumba ya nne. Kesho waja kuomba chumvi kwa mama zao. Wewe ulikuwa waenda bara, siku mbili za gari. Akasema, huyu simtoi. Watu na waseme watakalo."

"Kwa nini hakuniambia?" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Miaka kumi na saba, bibi! Nilidhani amenilaani. Sikuja kumwona, amekufa sikuja kumwona!"

"Kwetu hilo halisemwi. Likisemwa limevunjika, ndivyo tulivyoambiwa. Na Echati alikuwa na kichwa kigumu. Alikungoja uje mwenyewe. Kila gari la bara likifika aliuliza."

Nililia hapo, mbele ya wazee, bila kujifunika. Nililia kwa ajili ya Koko aliyeuliza magari, na kwa ajili yangu niliyekaa Kisumu nikijionea huruma. Na nilikuwa bado nimekasirika. Nimekasirika hata leo. Mtu anaweza kupendwa hivyo na akaumizwa hivyo hivyo, na kimoja hakifuti kingine.

Nilipotulia, Mama Mdogo Fatuma alifungua sanduku. Akazitoa pembe, moja moja, akawapa wale saba, kila mmoja yake.

"Aliacha neno," alisema. "Zaitun akija, mwulizeni mwenyewe. Akitaka apigiwe, apigiwe hadharani, Likoni yote isikie, na aibu imwondoke. Ni haki yake. Asipotaka, ni shauri lake. Sasa waonaje?"

Habari zilikuwa zimevuja, maana nje ya ua majirani walikuwa wamesimama, na nilizitambua sura za waliokuwapo siku ya arusi yangu. Bi Rahma wa nyumba ya pili, aliyesambaza kwamba nilitoka nyumbani na mimba, alikuwa mbele yao, mzee sasa, ameshika nguzo ya ua. Wale saba walikuwa wameinua vijiti. Kwa miaka kumi na saba hakuna kitu nilichokitamani kuliko sauti ile, ipigwe masikioni mwa Bi Rahma.

Nikasema, "Msipige."

"Una hakika?" akauliza Mama Mdogo.

"Msipige. Rudisha."

Wakashusha vijiti. Mmoja wao akaguna kwa kuridhika, mwingine nadhani alisikitika, maana ni muda hawajapiga. Nje nikamsikia Bi Rahma akisema, "Hata leo! Hata leo hakupigiwa, masikini." Hakuna aliyetoka kumweleza. Nami sikutoka. Mama Mdogo Fatuma alifunga sanduku, akaniambia mbaazi za chakula cha jioni hazijachambuliwa, na kama nimekwisha kulia nizichambue.

Nilikaa siku tisa zaidi.

KURUDI

Njia ya kurudi haikuwa na kisa, ila Shemeji Athumani alishuka Voi kumlipa mwenye chai pesa za chai ile, na safari hii gari likamwacha kweli. Alifika Kisumu siku mbili baada yangu. Mwulizeni mwenyewe alilala wapi.

Sasa nakuja kwenye swali lenu. Mmekuwa mkiniuliza ni ngoma gani itakayomtoa Mwanaisha, na wengine mmekwisha kuafikiana na wapigaji wa Kibuye bila kuniambia. Rudisheni neno. Mwanangu anaolewa Jinja, ng'ambo ya ziwa, kwa watu ambao nimewaona mara mbili. Mtakula, mtavaa, mtacheza kwenye nyumba ya bwana arusi mpendavyo. Kwangu hapatapigwa kitu. Mama mkwe wake atashangaa, na mtaa utasema, na nyinyi wenyewe mtasema, nawajua.

Lakini Koko alinyamaza, mimi sitanyamaza. Jana jioni nilimwita Mwanaisha, nikamkalisha kwenye mkeka, nikamweleza neno kwa neno nililoelezwa na Bi Mariamu, sinia thelathini na yote. Kama likisemwa linavunjika, basi na livunjike, mradi asikae Jinja miaka kumi na saba akijiuliza alinikosea nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nikija, mama, hutanipikia?"

Nikamwambia, "Utajipikia mwenyewe."